Roho Mkononi, na Mwisho Tunaujua

Jumamosi moja jioni, Mikindani, tulitundika shuka jeupe ukutani, tukawasha projekta ya kuazima, tukatazama filamu ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Robert Wise kuhusu zepelini iliyoitwa Hindenburg. Wengi walikuwa vijana wa kikundi chetu cha kuandika skripti, pamoja na majirani waliovutwa na mwanga. Nusu saa haijapita, kijana mmoja akauliza kwa sauti: "Mwalimu, dubwana hili si linaungua? Sasa tunasubiri nini?"

Nilimwambia atulie, tutazungumza ikiisha. Lakini yeye mwenyewe hakuinuka. Alikaa pale mpaka mwisho, magoti kifuani, na moto ulipowaka alishtuka kuliko wenzake wote. Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafutia jibu kamili. Mtu anajua kabisa kwamba chombo kitaungua. Roho yake inamtoka kwa lipi?

Kwanza tukio lenyewe. Hindenburg kilikuwa chombo cha anga cha Wajerumani chenye urefu wa mita 245. Ukivipanga viwanja viwili vya mpira kwa urefu, bado kinavipita. Hakikuinuliwa na mabawa. Kilielea kwa haidrojeni, takriban mita za ujazo 200,000, iliyojazwa kwenye mifuko 16 ndani ya fremu ya metali nyepesi, na juu yake kukavikwa kitambaa. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, na inashika moto kwa cheche ndogo mno. Heliamu, ambayo haiungui, ilikuwapo, ila karibu yote ilikuwa mikononi mwa Marekani, na sheria ya huko ilizuia isiuzwe nje. (Leo heliamu imegunduliwa kwetu, kule Rukwa. Kila nikisoma habari zake naiwaza Hindenburg.)

Chombo kiliondoka Frankfurt tarehe 3 Mei 1937 kikiwa na watu 97. Jioni ya tarehe 6, kikiwa kinatua Lakehurst, New Jersey, kiliwaka kuanzia mkiani. Ndani ya nusu dakika hivi kilikuwa chini, fremu tupu. Walikufa 35 waliokuwamo na mfanyakazi mmoja wa ardhini. Walionusurika walikuwa 62, jambo ambalo wengi huwashangaza, kwa sababu ukiitazama picha unaapa kwamba hakutoka mtu.

Sasa turudi kwenye swali la yule kijana. Huku pwani mtu aliye hatarini bila kujijua tunasema amekalia kuti kavu. Msemo huu umebeba somo zima la taharuki. Mkwezi yuko juu ya mnazi, anaimba, anaangusha madafu. Watoto walioko chini wanaona kwamba kuti aliloegemea limekauka shinani. Yeye halioni, liko nyuma ya paja lake. Kuti likikatika wakati wale watoto hawajui lolote, watapata mshtuko wa sekunde moja, basi. Wakilijua tangu mapema, kila dafu linaloanguka ni adhabu kwao. Hawaulizi tena itakuwaje. Wanauliza lini, na je, atatazama nyuma kabla? Mshtuko unamtaka mtazamaji asiyejua. Taharuki inamtaka anayejua huku mhusika hajui.

Kwa hiyo anayeandika filamu ya maafa yanayofahamika hana hasara yoyote. Mtazamaji amekuja na kuti kavu lake kutoka nyumbani. Kilichobaki ni kumpandisha mkwezi taratibu, kwa hatua za kweli.

Na siku ile ya Mei ilijaa hatua za kweli. Chombo kilitakiwa kutua asubuhi, kikacheleweshwa na upepo wa mbele. Alasiri kikapita juu ya New York, watu wakitazama juu barabarani. Kilipofika Lakehurst kulikuwa na mvua ya radi, hivyo nahodha Max Pruss akakipeleka pwani kuzunguka, akisubiri hali itulie. Abiria wa safari ya kurudi nao walikuwa wakisubiri. Wengi walitaka kuwahi kutawazwa kwa mfalme wa Uingereza tarehe 12. Saa 1 jioni Pruss akarudi. Mkia ukaonekana mzito. Maji ya kusawazishia yakamwagwa, haikutosha. Watu sita wakatumwa waende puani kabisa ili uzito wao ushushe mbele. Saa 1 na dakika 21 kamba za kutulia zikaangushwa. Saa 1 na dakika 25 moto.

Kati ya kamba na moto kuna dakika 4. Mwandishi wa taharuki akipewa dakika hizo, hana haja ya kubuni kitu. Wale watu sita walitembea kwenda mbele kwa amri ya kawaida kabisa ya kazi, na sisi tunaojua tunataka kuwashika mashati.

Kuna chumba kimoja ambacho ningekitumia mapema sana kwenye filamu. Ndani ya Hindenburg, chini ya haidrojeni yote ile, kulikuwa na chumba cha kuvutia sigara. Abiria walipopanda waliacha viberiti vyao vyote. Chumba kilikuwa na milango miwili ya kupitia mmoja baada ya mwingine, na hewa yake ilisukumwa ikae na mgandamizo wa juu kidogo ili gesi isipenye kuingia. Humo ndani kulikuwa na kiwashio kimoja tu cha umeme. Mwongozaji akituonyesha kidole kinakibonyeza, ncha inageuka nyekundu, mtu anainamisha sigara yake huku anazungumzia biashara, banda zima litaacha kupumua. Hakuna uongo hata punje. Chumba hicho hakikuwa chanzo cha ajali, na mtazamaji akiligundua hilo ataelewa pia jinsi wale watu walivyoamini kwamba hatari wameifungia mlango.

Na kuna mvulana. Werner Franz alikuwa na miaka 14, mhudumu mdogo kuliko wote chomboni. Dakika ile alikuwa anapanga vyombo kabatini, kwenye chumba cha kulia cha maofisa. Sahani zikaanguka. Akakimbilia nje akikutana na moto, na hapo tangi la maji lililokuwa juu yake likapasuka, likamlowesha mwili mzima. Akaruka kupitia mlango wa kupakilia vyakula, akakimbia kinyume na upepo. Aliishi hadi mwaka 2014. Ningeambiwa nichague mtu mmoja wa kumfuata safari nzima ningemchagua yeye, kwa sababu ya zile sahani. Mtoto anayepanga sahani safi kwenye chombo ambacho kimebakiza nusu dakika ya kuishi: kamera ikae pale, itulie, isikie kauri ikigongana.

Filamu tuliyoitazama haikupita njia hiyo. Ilitafuta adui.

Aliyekulia kwenye banda umiza, kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video, anaelewa sababu. Tulijifunza muvi kwa kanuni mbili: staringi hafi, na adui lazima ajulikane. Mvua ya radi haina uso. Cheche haina nia, huwezi kuiwekea muziki wa hila. Kwa hiyo filamu ikamweka ndani ya zepelini bwana wa usalama, aliyeigizwa na George C. Scott, anayemsaka mtu aliyetega bomu. Bomu lina saa, saa inasogea, na mwandishi analala usingizi. Ni njia iliyozoeleka, na sisemi kwamba haishiki. Vijana wangu waliishika sana.

Tatizo ni kwamba uchunguzi wa Wamarekani na ule wa Wajerumani wote haukupata ushahidi wa hujuma. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Chombo kilipita kwenye hewa ya radi kikabeba chaji ya umeme. Kamba zililowa mvua, zikagusa ardhi, na chaji ya fremu ikashuka ardhini kupitia kwazo. Kitambaa cha nje hakikuipoteza chaji yake kwa kasi hiyo hiyo. Tofauti kati ya kitambaa na fremu ikatoa cheche, kama zile unazozisikia ukivua nguo ya nailoni gizani. Na nyuma, karibu na mkia, gesi ilikuwa inavuja. Kwa nini ilivuja? Huenda kona kali ya mwisho ilikata waya mmoja wa kukazia fremu, waya ukachana mfuko. Mashahidi waliokuwa ardhini walisema waliona kitambaa kikipepea karibu na pezi la juu la mkia, muda mfupi kabla ya moto.

Someni tena sentensi hiyo ya kitambaa. Mtu amesimama kwenye nyasi zilizolowa, ametazama juu, na kitambaa kinapepea mahali ambapo hakipaswi kupepea. Hilo ndilo kuti kavu, na limeandikwa kwenye ushahidi. Waliosema kwamba ajali bila mhalifu haifai kwa filamu hawakulitazama vya kutosha.

Hapa inabidi nitenganishe aina mbili za kubuni, maana vijana walinibana sana kuhusu hili. Katika filamu ile abiria wanakusanyika kwenye piano, wanaimba wakiwakejeli wakubwa wa Ujerumani. Hindenburg iliwahi kweli kuwa na piano ya metali nyepesi, lakini katika safari ile ya mwisho haikuwamo. Mwongozaji ameirudisha. Mimi sioni dhambi. Inatuonyesha hofu na ubishi wa Wajerumani wa mwaka 1937, na hakuna mtu, hai au marehemu, anayeumizwa na piano.

Bomu ni jambo jingine. Kabla ya filamu kulikuwa na vitabu vilivyomtaja kwa jina fundi mmoja wa chombo kuwa ndiye aliyetega. Kijana huyo aliungua, akafa, hakupata kuulizwa swali. Filamu ilibadilisha jina na ikampa nia njema, ikasema alitaka chombo kilipuke watu wakishashuka. Ni kama kumvisha marehemu kanzu nzuri na kumwita muuaji. Familia yake ingejibu nini? Sheria nayo haikusaidia: mwandishi A. A. Hoehling, aliyekuwa ametangulia kuiandika nadharia hiyo mwaka 1962, aliishtaki kampuni ya filamu ya Universal, na mwaka 1980 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikaamua kwamba tafsiri ya mtu kuhusu tukio la historia si mali ya mtu; yeyote anaweza kuitumia. Uamuzi huo naukubali kwa moyo wote, maana bila huo hata sisi tusingeweza kuandika habari za Maji Maji. Lakini uliamua nani ana haki ya kuitumia nadharia. Kama nadharia ni ya kweli, hilo lilibaki kwa mwandishi na dhamiri yake.

Kwetu jambo hili si la mbali. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa inatua Bukoba ilitumbukia Ziwa Victoria. Watu 19 kati ya 43 walifariki, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Mmoja wa vijana alipendekeza tuiandike. Nilimwambia hapana, bado. Wapo watu wanaoweka sahani mezani wakihesabu pungufu moja. Miaka ikienda, atakayeiandika aanze na wavuvi, na akague kila neno analomwekea rubani mdomoni.

Kuhusu moto wenyewe, nampongeza Wise. Watu wengi wanaamini kwamba ile sauti maarufu ya mtangazaji anayelia ilirekodiwa pamoja na picha. Havikuwa pamoja. Herbert Morrison wa redio ya WLS ya Chicago alikuwa anarekodi kwenye santuri kwa ajili ya kutangaza baadaye, haikuwa moja kwa moja hewani. Wapiga picha za habari walikuwa na kamera zao kando. Sauti na picha vilikuja kuunganishwa baadaye, na tangu hapo ulimwengu unavikumbuka kama kitu kimoja. Tena hakuna kamera iliyonasa mwanzo kabisa wa moto. Zote zilikuwa zimeelekezwa kwingine au zimezimwa. Kwa hiyo sekunde zinazotafutwa kuliko zote hazimo kwenye picha. Wise alipofika hapo aliiondoa rangi filamu yake, akachanganya picha zake na zile halisi za mwaka 1937, akaisimamisha na kuivuta nusu dakika ile ikawa dakika kadhaa. Kuvuta muda namna hiyo sikuiti uongo. Aliyewahi kupinduka na gari anajua sekunde moja inavyoweza kuwa ndefu.

Ikaisha. Projekta ikapoa. Ndipo nikawaambia kitu ambacho karibu wote walikuwa hawajawahi kukisikia: kuna zepelini iliyokuwa inakuja huku kwetu.

Mwaka 1917 vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimesukumwa mpaka kusini kabisa. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba walipigana Mahiwa, hapo Lindi, pigano baya kuliko karibu yote ya vita vile katika nchi hii. Wanajeshi walioletwa kutoka Nigeria walikufa pale kwa wingi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alibaki na askari wake bila risasi za kutosha wala dawa, wakirudi nyuma kuelekea uwanda wa Makonde. Huko Ulaya Wajerumani walikuwa wameshafanya uamuzi ambao ukiuandika kwenye skripti mtu atakwambia umezidisha: watamletea msaada kwa zepelini.

Chombo kiliitwa L59, urefu wake mita 226 na nusu. Tarehe 21 Novemba 1917 kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiongozwa na Ludwig Bockholt, kikiwa na watu 22 na takriban tani 15 za risasi, bunduki za rashasha, dawa na bandeji. Mpango haukuwa kirudi. Uwandani kusingekuwa na haidrojeni ya kukijaza upya, kwa hiyo kila sehemu yake ilipangiwa kazi baada ya kifo: kitambaa kiwe mahema, bitana ziwe nguo, fremu iwe minara ya redio. Kilikuwa kinakuja kuchinjwa Umakonde.

Kikavuka Mediterania, kikaingia Misri, jangwani. Huko ndiko taharuki ya kweli ilipo. Mchana jua linaichemsha gesi, inatanuka na kulazimika kutolewa. Usiku inapoa, inanywea, na chombo kinapoteza nguvu ya kuelea, mizigo inatupwa ili kisigonge ardhi. Injini moja ikaharibika, na hiyo ndiyo iliyoendesha mtambo wa kupeleka ujumbe. Tangu hapo waliweza kusikia tu. Hawakuweza kuuliza. Usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa juu ya Sudan, ujumbe ukawafikia: rudini. Lettow-Vorbeck ameshindwa kushika maeneo mliyotumwa, uwanda uko mikononi mwa Waingereza. Baadaye zikavuma habari kwamba Waingereza ndio waliotunga ujumbe huo. Upande wa pili kuna maelezo kwamba ulitoka kwa Wajerumani wenyewe. Bockholt aligeuza chombo. Asubuhi ya tarehe 25 kilitua Jamboli baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Siku hiyo hiyo, tarehe 25, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuwashambulia Wareno kule Ngomano, akajipatia kwao risasi na chakula alichohitaji. Vita vilikuwa bado.

Na kuti kavu lilikuwapo. Tarehe 7 Aprili 1918, L59 ikielekea kuishambulia Malta, iliwaka juu ya mlango wa bahari wa Otranto. Mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani waliuona moto angani. Wote waliokuwamo walikufa, na hakuna adui aliyedai kuipiga. Gesi ilikuwa ile ile iliyokuja kuua Lakehurst miaka 19 baadaye.

Vijana wakachangamka, kila mtu na tukio lake la kwanza. Mmoja anataka kuanzia jangwani, mwingine kwenye moto wa Otranto. Nikapendekeza kwamba ule ujumbe wa kurudi tuupige bila kuonyesha mkono wa aliyeutuma, tuwe kama Bockholt, tunasikia na hatuwezi kuuliza. Wakakubali.

Kisha dada mmoja, mjukuu wa watu wa Newala, ambaye alikuwa kimya muda wote na kalamu yake, akasema: "Mwalimu, tani 15 zikifika pale, nani anazibeba?"

Nikamwambia apige hesabu. Akiweka kilo 25 kwa kichwa kimoja, ni wapagazi 600. Vita vile vilibebwa vichwani mwa watu waliokamatwa vijijini, wengi wakafia njiani kwa njaa na kuhara, wengi bila kuandikwa majina.

"Basi mimi naandika ya mpagazi," akasema. "Nyie mnakaa roho mkononi mkiomba lifike. Yeye anaomba lisifike."

Akaanza kuandika pale pale, kwa mwanga wa simu. Ukurasa wake wa kwanza una mwanamume aliyetua mzigo chini ya mkorosho, anajikanda shingo. Hakuna muziki. Anatazama juu, kaskazini, kwenye anga ambalo halina kitu, na kamera inamngoja.